Vivumishi ambatani vya Kiswidi: namna ya kuviunda na kuvitumia

Simama mbele ya friji ya maziwa katika duka lolote la chakula nchini Uswidi, na kabla hujachukua pakiti utakuwa umeshakutana navyo: *laktosfri*, *sockerfri*, *fettsnål*, *proteinrik*. Ukitoka nje, kwenye mtambo wa umeme kuna kibao kinachosema *Livsfarlig ledning*. Benchi la bustani limebandikwa karatasi: *Nymålat*. Na ukijaza fomu ya kutafuta kazi, huenda ukaulizwa kama wewe ni *arbetslös*. Yote hayo ni vivumishi ambatani, yaani maneno mawili au zaidi yaliyounganishwa yakawa neno moja la kusifia kitu.

Kinachomtatiza msemaji wa Kiswahili si wingi wa maneno haya. Lugha yetu hufanya kazi hiyohiyo kwa njia nyingine kabisa. Sisi husema "maziwa yasiyo na laktosi", "mtoto mwenye macho ya buluu", "mkate uliookwa nyumbani", "mkataba wa miaka miwili". Tunatanguliza jambo kuu, kisha tunalifafanua kwa -enye, kwa -sio na, kwa -a, au kwa kitenzi chenye urejeshi. Kiswidi hubana maelezo yote hayo ndani ya neno moja na kulipanga kinyume chetu: ufafanuzi mbele, jambo kuu nyuma. Karibu kila kanuni utakayoisoma hapa inatokana na mpangilio huo.

Nachukulia kwamba vivumishi vya kawaida unavijua, na unaelewa kwa nini ni *en stor bil* lakini *ett stort hus*. Aliyefika kozi ya C ya SFI, masomo ya Kiswidi kwa wahamiaji, hatapata shida kufuata.

Hatua ya 1: Soma kutoka nyuma

Kila unapokutana na neno refu, anza na kipande cha mwisho. Hicho ndicho chenye neno. *Livsfarlig*: mwisho ni *farlig*, hatari, mbele yake *livs*, ya maisha. Kwa hiyo ni "hatari kwa maisha", na kile kibao kinakwambia nyaya hizo zinaua. *Högskoleutbildad*: mwisho ni *utbildad*, aliyesomeshwa, mbele ni *högskola*, chuo. Ni mtu aliyepata elimu ya chuo.

Rangi zinaonyesha jambo hili vizuri kuliko mfano mwingine wowote. *Blågrön* ni kijani, ila kijani chenye ubuluu. *Grönblå* ni buluu inayoelekea kijani. Vipande ni vilevile, lakini rangi yenyewe ni ile iliyokaa mwisho. Vivyo hivyo *mörkblå* ni buluu iliyokoza na *ljusblå* ni buluu iliyopauka.

Kuna jambo moja ambalo neno lenyewe halikwambii: uhusiano kati ya vipande viwili. Kiswahili hulazimika kuutaja, "kwa", "dhidi ya", "bila". Kiswidi huuacha kwa akili ya msomaji. Tazama maneno haya mawili yanayoanza na *brand*, moto wa kuunguza. *Brandfarlig*, linaloandikwa kwenye mitungi ya gesi na madebe ya petroli, maana yake ni kitu kinachoshika moto kwa urahisi. *Brandsäker* ni kitu salama dhidi ya moto. Ukirudi kwa *livsfarlig*, maisha hapo ndiyo yanayohatarishwa, ilhali katika *brandfarlig* moto ndio hatari yenyewe. Hakuna kanuni ya kuutabiri uhusiano huo. Maana ya kawaida ya kipande cha mwisho na mahali neno lilipoandikwa ndivyo vitakavyokuongoza.

Hatua ya 2: Chagua kipande cha mwisho kinachobeba nia yako

Unapounda neno mwenyewe, jiulize kwanza: kwa Kiswahili ningesema nini? Jibu litakuelekeza kwenye kundi dogo la vipande vya mwisho vinavyorudiwarudiwa kila siku.

Ukitaka kusema "-sio na", una vipande viwili, *-fri* na *-lös*, na tofauti yao ni kubwa. *-fri* hutumika pale ambapo kukosekana kwa kitu ni nafuu au ni chaguo: *sockerfri* (bila sukari), *alkoholfri* (bila kileo), *rökfri* (pasipo moshi wa sigara), *smärtfri* (bila maumivu), *skuldfri* (asiye na deni). *-lös* mara nyingi hubeba upungufu: *arbetslös* (asiye na kazi), *hemlös* (asiye na makazi), *sömnlös* (asiyepata usingizi), *papperslös* (anayeishi nchini bila karatasi za ukaazi), *statslös* (asiye na uraia wa nchi yoyote). Yapo yasiyo na huzuni yoyote, kama *trådlös*, kisichotumia waya, lakini mwelekeo ndio huo.

Pima uzito wake kwa watoto. *Barnlös* ni mtu asiye na mtoto, na neno hilo mara nyingi hubeba uchungu. *Barnfri* ni mtu aliyeamua kutokuwa na watoto, au mzazi ambaye kwa sasa hana watoto karibu: *en barnfri helg* ni wikendi ambayo watoto wamekwenda kwa bibi yao. Kumwita mwanamke aliyehangaika miaka mingi kutafuta mtoto *barnfri* ni kumuumiza bila kukusudia. Ndiyo maana naona wanafunzi wafundishwe *-fri* na *-lös* pamoja, siku moja, badala ya kukutana navyo kila kimoja kivyake.

Kwa wingi na uchache kuna *-rik* na *-full* upande mmoja, *-fattig* na *-snål* upande wa pili. *Proteinrik* ni chenye protini nyingi na *framgångsrik* ni mwenye mafanikio. *-full* hupenda mambo yasiyoshikika: *hoppfull* (mwenye matumaini), *respektfull* (mwenye heshima), *ansvarsfull* (yenye dhamana kubwa, kwa mfano kazi). *Kalorifattig* ni chenye kalori chache, na *bränslesnål* ni gari lisilokula mafuta mengi. *Snål* peke yake ni bahili, lakini kwa gari ubahili ni sifa njema.

Vingine nitavitaja kwa haraka. *-vänlig*, rafiki kwa: *miljövänlig*, *barnvänlig*. *-värd*, -nayostahili: *sevärd*, panapofaa kutembelewa, *prisvärd*, kinacholingana na bei yake, neno la matangazo ya maduka yote. *-rädd*, mwoga wa: *mörkrädd*, anayeogopa giza, *höjdrädd*, anayeogopa kuwa juu, *flygrädd*, anayeogopa kupanda ndege. *-sugen*, mwenye hamu ya: *kaffesugen*, na *fikasugen* kwa anayetamani kukaa na kikombe na kitafunwa, jambo ambalo Waswidi hulichukulia kwa uzito.

Kwa kitu kilichotendwa, kipande cha mwisho ni kitenzi kilichogeuzwa kivumishi, na kipande cha mbele kinaeleza namna, mahali au wakati: *handsydd* (iliyoshonwa kwa mkono), *hembakad* (uliookwa nyumbani), *närodlad* (yaliyolimwa karibu na hapa), *nyfödd* (aliyezaliwa sasa hivi), *nygift* (waliooana karibuni). *Ny-* ni kipande cha kukariri mapema: popote unaposema "karibuni" au "sasa hivi tu", kinafaa. *Nyanländ*, mtu aliyewasili nchini karibuni, utaliona katika barua za kila ofisi inayohudumia wageni.

Hatua ya 3: Kwa "mwenye", tafuta vipande visivyosimama peke yake

Mwenye macho ya buluu ni *blåögd*. Mwenye nywele ndefu ni *långhårig*. Anayetumia mkono wa kushoto ni *vänsterhänt*, shati la mikono mifupi ni *en kortärmad skjorta*, na mtu mkarimu wa moyo ni *varmhjärtad*. Hapa nomino (jicho, nywele, mkono, moyo) imevikwa mwisho wa kivumishi, na kwa kawaida haiwezi kuvikwa hivyo bila kipande cha mbele. Huwezi kumwambia mtu yeye ni *ögd*.

Nambari hufuata njia hiyohiyo: *tvåårig* (wa miaka miwili), *trehjulig* (yenye magurudumu matatu), *fyrkantig* (yenye pembe nne, angalia kwamba *fyra* imefupishwa kuwa *fyr*). Ukitaka kumtaja mtoto mwenyewe kama nomino, ni *en tvååring*. Kivumishi ni *en tvåårig pojke*.

Kwa lugha una *-språkig* na *-talande*. *-talande* ni anayezungumza, basi humfaa mwenye kinywa tu: *en swahilitalande sjuksköterska*, muuguzi anayezungumza Kiswahili. *-språkig* ni pana zaidi. Hufaa mtu, gazeti, shule, hata manispaa. Ufini ina manispaa zinazoitwa rasmi *tvåspråkiga*, Helsinki ikiwemo, kwa kuwa zinahudumia wasemaji wa Kifini na wa Kiswidi. Gazeti la Kiswidi ni *svenskspråkig*, kamwe si *svensktalande*.

Tahadhari moja: baadhi ya maneno haya yana maana ya pili ya tabia. *Blåögd* pia ni mtu anayeamini kila anachoambiwa. *Frispråkig* ni mtu asemaye bila kuficha. *Tjockhudad*, mwenye ngozi nene, ni mtu asiyeumizwa na maneno. Ukisikia *Var inte så blåögd!* hakuna anayezungumzia macho yako.

Hatua ya 4: Unganisha, ukiangalia kiungo

Mara nyingi vipande hugandana moja kwa moja: *barn* + *vänlig* = *barnvänlig*. Ikiwa kipande cha mbele ni kivumishi, kinabaki katika umbo lake la msingi: *mörk*, *lång*, *ny*.

Ikiwa kipande cha mbele ni nomino, kinaweza kubadilika. Nomino nyingi zinazoishia na -a huiacha: *skola* hutoa *skoltrött*, aliyechoshwa na shule, *smärta* hutoa *smärtfri*. Nyingine hubadili -a kuwa -o, kama *kvinna* katika *kvinnodominerad* na *hälsa* katika *hälsofarlig*, au kuwa -e, kama *olja* katika *oljefri*. Nyingi zinaongezewa s: *arbetslös*, *världsberömd*, *tidskrävande*. Nomino zinazoishia na -skap, -het, -ing na -ion hutaka s karibu kila mara, mfano *kunskapsrik*. Na kipande cha mbele ambacho chenyewe ni neno ambatani huelekea kutaka s hata pale ambapo kisingeitaka kikiwa kifupi. *Boll* katika *bollglad* haina s, lakini *fotboll* hutoa *fotbollsgalen*, mwenye wazimu wa mpira.

Hayo ni mengi ya kukariri, na sikushauri uyakariri. Tumia maneno unayoyajua tayari. Unajua *arbetsplats*, mahali pa kazi? Basi *arbete* hubadilika hivyo hivyo katika *arbetslös*. Unajua *skolbuss*? Basi *skoltrött*. *Kvinnodagen*, siku ya wanawake, inakupa *kvinno-*. Njia hii hukufikisha mara nyingi, si mara zote: *liv* huchukua s katika *livsfarlig*, *livsviktig* na *livslång*, lakini si katika *livlös* wala *livrädd*.

Konsonanti tatu zinazofanana haziandikwi mfululizo, moja huondoka. *Lätt* + *tillgänglig* = *lättillgänglig*, inayopatikana kwa urahisi. *Glass* + *sugen* = *glassugen*, mwenye hamu ya aiskrimu. Neno likikatwa mwisho wa mstari, herufi iliyopotea hurudi: *lätt-tillgänglig*.

Kistari kina nafasi zake chache: baada ya kifupisho (*EU-vänlig*), baada ya tarakimu (*en 25-årig man*), na kati ya pande mbili zenye hadhi sawa (*svensk-tanzanisk*). Hutumika pia usipotaka kurudia kipande cha mwisho: *en rök- och alkoholfri miljö*. Kwingineko, usikiweke.

Hatua ya 5: Usitenganishe

Hatua hii naomba uisome mara mbili, maana kosa lake husababisha kicheko au kueleweka vibaya kabisa. Waswidi wana jina maalumu la kosa hilo, *särskrivning*, na wao wenyewe hulifanya.

*En mörkhårig flicka* ni msichana mwenye nywele nyeusi. *En mörk hårig flicka* ni msichana mweusi mwenye malaika tele mwilini, kwa kuwa *hårig* likisimama peke yake lina maana hiyo. *Rökfritt* mlangoni linakataza kuvuta sigara. *Rök fritt* linakuamuru uvute upendavyo.

Lakini si kila jozi inaunganishwa. Maneno kama *mycket* na *väldigt* hukaa pembeni daima: *mycket trött*. Vielezi vilivyoundwa kwa -t kutoka kwenye vivumishi navyo kwa kawaida hukaa pembeni: *svårt sjuk*, mgonjwa mahututi, *allvarligt skadad*, aliyejeruhiwa vibaya. Pale ambapo njia zote mbili zipo, maana hugawanyika. Habari za ajali barabarani zikisema dereva ni *lätt skadad*, ameumia kidogo. *Lättskadad* ni kitu kinachoharibika kirahisi.

Katika kusema, ni shadda inayokuonyesha mshikamano. Kiswahili huweka shadda kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na sisi huibeba tabia hiyo hadi kwenye Kiswidi: utamsikia mtu akisema *arBETSlös*, na Mswidi anayemsikiliza asishike neno. Mkazo mkubwa uwe kwenye kipande cha kwanza, *AR*, kisha mkazo mdogo zaidi uje kwenye kipande cha mwisho, *lös*. Kariri maneno kwa sauti, si kwa macho tu.

Hatua ya 6: Nyambua mwisho tu

Kwa kuwa kipande cha mwisho ndicho chenye neno, ndicho pekee kinachofuata jinsi na idadi ya nomino. Cha mbele hakiguswi.

*En mörkblå bil, ett mörkblått hus, mörkblå bilar.*
*En laktosfri yoghurt, ett laktosfritt bröd, laktosfria produkter.*
*En hembakad bulle, ett hembakat bröd, hembakade bullar.*
*En blåögd pojke, ett blåögt barn, blåögda barn.*
*En nyfödd flicka, ett nyfött barn, nyfödda barn.*
*En jätteliten lägenhet, ett jättelitet rum, jättesmå rum.*

Kitu kikiwa kinajulikana, tumia mwisho wa -a kama kawaida: *den livsfarliga ledningen*. Viishiavyo na -ande havibadiliki hata kidogo: *ett swahilitalande barn, swahilitalande barn*. Hata jozi yenye kistari hunyambuliwa mwisho tu: *ett svensk-tanzaniskt samarbete*.

Katika kulinganisha, vivumishi ambatani vingi hutumia *mer* na *mest*, hasa vile vinavyotokana na vitenzi: *mer välutbildad*, *mest välkänd*. Vinavyoishia na -lig au -ig hukubali pia -are na -ast: *miljövänligare*, *miljövänligast*. Ukiwa na shaka, *mer* na *mest* ni njia salama.

Hatua ya 7: Kolezea

Hapa Mswahili yuko nyumbani. Sisi tuna nyeupe pe, nyeusi ti, na aliyelowa chepechepe. Kiswidi hukolezea kwa kuongeza kipande mbele: *snövit* (nyeupe pe), *kolsvart* (nyeusi ti), *genomblöt* (aliyelowa chepechepe), *dödstrött* (aliyechoka hoi), *iskall*, *blixtsnabb*, *urgammal*, *splitterny*. Ninalolipenda zaidi ni *filbunkslugn*: mtulivu kama bakuli la *filbunke*, maziwa ya mgando. Vipande hivi havihami ovyo. *Snö-* hukaa na weupe, na huwezi kuipachika kwenye utulivu.

Kipande kinachofaa karibu popote katika mazungumzo ni *jätte-*: *jättebra*, *jättegod*, *jättetrött*. Watoto husema, mabosi husema. *Skit-* na *svin-*, kama katika *skitbra* na *svindyr*, utazisikia kila mahali, lakini ni lugha ya vijiweni. Usiziandike katika barua ya kuomba kazi, wala usizitumie mbele ya wakwe.

Angalia shadda pia. *Stenrik* lenye mkazo mkubwa mwanzoni ni ardhi yenye mawe mengi. Vipande vyote viwili vikikazwa sawa, ni mtu tajiri wa kutupwa. *Blodfattig* vilevile: mkazo ukiwa mbele, ni mgonjwa mwenye upungufu wa damu, mkazo ukiwa pande zote, ni fukara asiye na chochote.

Hatua ya 8: Kagua, kisha jaribu mwenyewe

Tovuti ya svenska.se hukuwezesha kutafuta bila malipo katika kamusi za Akademia ya Uswidi, ikiwemo SAOL, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1874 na ambayo toleo lake la 14 ni la mwaka 2015. Neno lako likikosekana humo, usilifute haraka. Hakuna kamusi inayoweza kuorodhesha vivumishi ambatani vyote, kwa sababu wasemaji huunda vipya kila siku. Tafuta neno jingine lenye kipande hichohicho cha mbele, uone kiungo chake, kisha lenye kipande hichohicho cha mwisho, uone maana yake.

Sasa funika majibu, ugeuze haya kuwa Kiswidi: gauni lililoshonwa kwa mkono, barabara isiyopita magari, mtoto anayejua lugha mbili, kazi inayokula muda, jirani anayeogopa mbwa.

Majibu: *en handsydd klänning*, *en bilfri gata*, kwa kuwa kukosekana kwa magari hapo ni neema, basi *-fri*, *ett tvåspråkigt barn*, lenye -t kwa sababu *barn* ni ya *ett*, *ett tidskrävande arbete*, lenye s ya kiungo na -ande isiyobadilika, *en hundrädd granne*.